Bakuli Katikati ya Mfungo

Wewe uliyeambiwa juzi au jana kwamba uvimbe wako una jina, na sasa unasubiri kuanza dripu, huenda umekwisha kuelezwa mengi kuhusu dawa. Huko sina la kuongeza. Waliosomea tiba watakueleza vizuri kuliko mimi. Ninayotaka kukuandikia ni yale ambayo hakuna aliyenieleza, kwa sababu walioyajua walikuwa wamechoka mno kuyasema. Mimi pia bado nimechoka. Naandika polepole, kwa vidole ambavyo ncha zake zina ganzi hadi leo, nami naomba uvumilivu wako.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufundisha Kiyunani na Kilatini katika chuo cha wachungaji. Tunaishi Kikuyu, hapa Dodoma, mimi na mke wangu Loisi. Mwanetu Yona ana familia yake Mwanza. Uvimbe ulijitokeza shingoni, chini ya taya, mvua zilipokuwa zinakatika na watu wanaanza kuvuna uwele. Wakati huo kanisa letu lilikuwa limeniomba niandae mafundisho juu ya anasa za dunia na furaha idumuyo. Nilikuwa nimekusanya hoja za wanafalsafa wa kale, waliobishana vizazi kwa vizazi kama raha ndiyo kilele cha maisha ya mwanadamu au ndiyo mtego wake. Na juu ya hoja hizo nilikuwa nimeweka fundisho la Kanisa, kwamba raha ya dunia hupita na furaha iliyo katika Mungu haipiti. Yote yalikuwa sahihi. Bado naamini yalikuwa sahihi. Lakini yaliandikwa na mtu aliyekuwa akila vizuri.

Nilipangiwa dripu ya dawa ya saratani kila baada ya wiki tatu. Tangu hapo sikuhesabu tena miezi. Nilisema, "Hiyo ilikuwa kabla ya dripu ya pili," kama wazee wetu wanavyosema jambo fulani lilitokea kabla ya njaa fulani.

Ukumbi wa kusubiri wa hospitali una sheria zake, na hazikuandikwa ukutani. Ukiingia, unauliza, "Wa mwisho nani?" Mtu atainua mkono, nawe utamshika huyo kwa macho asubuhi nzima: akisogea, unasogea, akienda msalani, unamlindia nafasi kwa mfuko wake. Ndivyo nilivyofahamiana na bwana mmoja wa Mpwapwa aliyekuja na basi la kwanza akiwa amejifunika blanketi hata jua likiwa kali, na mama mmoja mcheshi ambaye, nilipovua kofia kwa mara ya kwanza baada ya nywele kudondoka, alinitazama kwa makini akasema, "Baba, kichwa kinang'aa hicho, kama sufuria ya harusi. Karibu kundini." Benchi zima lilicheka. Nilicheka pia, nikagundua kwamba sikuwa nimecheka tangu niambiwe jina la ugonjwa. Usiidharau huruma ya namna hiyo. Haitanguliwi na salamu ndefu, na haina sura ya huruma.

Baada ya dripu ya kwanza kucha zangu ziliingia weusi. Ndevu zilipukutika katika maji ya kunawia, na jasho langu likawa na harufu ambayo hata mimi sikuitambua kuwa yangu. Nililala nikiwa nimeuelekea ukuta ili Loisi asiipate. Baada ya dripu ya pili ulimi ulikufa. Naomba unielewe: sisemi kwamba chakula kilipungua utamu. Nyama ilikuwa kitambaa kilicholowa, na chai ilikuwa maji yaliyokaa kwenye debe lenye kutu. Kisha vikaja vidonda vya kinywa, hata mate ya kawaida yakawa kazi. Kichefuchefu kiliingia na giza kila siku, kwa hiyo kidogo nilichoweza kumeza nilikimeza mchana, vijiko viwili hapa, vitatu pale, kama mtu anayejaza mtungi kwa kifuniko cha chupa.

Kabla ya kila dripu walinipima damu na uzito. Siku ya dripu ya tatu muuguzi aliyezoea kunipokea, dada mwenye sauti kubwa na mikono myepesi, aliitazama mizani kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Baba, umepungua tena. Unakula?"

"Najitahidi."

"Najitahidi siyo chakula, baba yangu. Nakwambia ukweli kwa sababu nakupenda: ukishuka chini ya hapa, daktari atasimamisha dawa. Na dawa ikisimama, uvimbe wenyewe hausimami."

Nilimwelewa vizuri. Uhai wangu ulikuwa umewekwa mikononi mwa kijiko. Hata hivyo, nilipokuwa njiani kurudi nyumbani, wazo lingine lilinijia, na kwa kuwa lilikuja limevaa mavazi ya dini, nililikaribisha. Niliwaza kwamba Mungu alikuwa ameniondolea kwa mkono wake kile ambacho wengine hupigana nacho maisha yote. Sikutamani nyama, wala sukari, wala glasi ya mvinyo wa zabibu zetu ambayo zamani nilijiruhusu siku za sikukuu. Hamu ilikuwa imekufa. Je, siyo hapa walipokuwa wakielekea wote walioandika juu ya kuishinda raha? Niliona kama nimefikishwa mbele ya lango bila kutembea.

Katika hali hiyo niliacha kula na mke wangu. Sisi tumezoea kula kwenye sinia moja, mkono wake upande huu na wangu upande ule, tangu mwaka tuliooana. Sasa nilimwomba aniletee uji katika chumba changu cha vitabu. Nilisema sitaki aone nikikunja uso. Aliniletea, akaupitia baadaye, akaukuta umeganda ngozi juu. Siku moja alisimama mlangoni akiwa ameshika kile kikombe kilichopoa.

"Baba Yona, nikuulize. Mimi nampikia nani?"

"Loisi, sina hamu. Siyo kosa lako."

"Sijasema ni kosa. Nimeuliza nampikia nani. Kama ni mtu, aje mezani. Kama ni maiti, niambie, nizime moto nianze kulia."

Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya darasani.

Baridi ya kipupwe ilikuwa imeingia, ule upepo wa Dodoma unaosukuma vumbi chini ya mlango hata ukiziba kwa nguo, Mzee Chilewa alipokuja kututembelea. Yeye ni kiongozi wa jumuiya yetu ya maombi, mkulima wa zabibu, mwenye mwili mkubwa, na watu wote wanajua anavyopenda kula. Jumuiya yetu ina desturi yake. Mmoja wetu akiugua sana, wote hufunga siku tatu, tangu alfajiri hadi jua lizame, na kila alasiri hukusanyika nyumbani kwa mgonjwa. Anayeombewa huketi mkekani katikati, naye hufunga pamoja nao. Wazee husema kwamba si heshima wenzako wakubebee mzigo wako kichwani huku wewe ukitembea mikono mitupu.

"Tumeamua wiki hii, Mwalimu," alisema Mzee Chilewa. "Kabla hujaenda kwenye ile dripu ya nne. Mimi mwenyewe nimeshawaambia watu wa nyumbani, wasinipikie hata harufu."

Loisi alitoka jikoni. "Mzee, shikamoo. Huyu hawezi kufunga."

"Marahaba, mama. Ni siku tatu tu."

"Kwa huyu siku tatu ni nyingi."

Mzee Chilewa alinitazama, akinisubiri mimi. Nilimwona mtu ambaye kufunga kwake kulimgharimu kweli kweli, amekuja kunipa kitu alichokithamini kuliko vyote. Ningewezaje kumwambia asifunge? Na ningewezaje kumwacha afunge huku mimi nakunywa uji nyuma ya mlango? Nilisema nitafunga. Loisi alirudi jikoni, nami nikasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini kwa nguvu.

Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, nilikuwa nimeegemea ukuta kwenye jua la uani nikijaribu kupata joto, nikawasikia Loisi na jirani yetu wakizungumza penye ua unaotenganisha nyumba zetu. Bi Zuhura ni mwenyeji wa Kolo, huko Kondoa. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na mpaka leo huzungumza na mtu yeyote kana kwamba amechelewa foleni ya asubuhi.

"Anafunga? Huyu mgonjwa?"

"Anafunga."

"Jamani! Sisi Ramadhani mgonjwa anaruhusiwa kula, Mola mwenyewe kampa ruhusa. Kwenu nyinyi ruhusa kaizuia nani?"

"Muulize mwenyewe, Bi Zuhura. Mimi hapa ni mpishi, na mpishi mwenyewe sina mlaji."

Kichwa cha Bi Zuhura kilichomoza juu ya ua. "Mwalimu! Umefaulu mitihani ya Wayunani wote, leo bakuli la uji linakufelisha?"

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, na usinizungushe kwa shikamoo. Mama Yona, njoo huku. Nina karanga nimekaanga asubuhi."

Alasiri jumuiya ilikusanyika, sebule yetu ikajaa. Niliketi mkekani. Tuliposimama kuimba, niliyumba ghafla, na Mzee Chilewa akanidaka kwa mkono mmoja, kama mtu anayedaka koti lililoteleza msumarini. Walinilaza, wakanikalisha tena, wakaendelea kuomba kwa sauti kubwa zaidi. Nilisikia jina langu likitajwa kutoka kila upande. Wakati huo huo mlango wa jikoni ukafunguliwa, na harufu ikaingia kabla ya Loisi. Mimi sikuisikia, pua yangu ilikuwa imekufa pamoja na ulimi; niliitambua kwa nyuso za watu. Maombi yalipungua, yakawa mnong'ono, yakakoma.

Loisi alikuwa na bakuli la ugali laini wa uwele na mlenda uliotiwa karanga. Alipita katikati ya watu, akaketi mkekani mbele yangu, akaliweka bakuli kati yetu.

"Mama Yona," alisema Mzee Chilewa kwa upole, "jua bado."

"Naliona, mzee. Na mume wangu pia namwona."

"Tumefunga kwa ajili yake. Akila yeye, sisi tumefunga kwa ajili ya nani?"

Hilo halikuwa swali la kijinga. Nililiheshimu wakati ule na ninaliheshimu hadi sasa. Wote walinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nilitafuta jibu. Nilikumbuka kwamba Bwana wetu, alipokwisha kulishinda kaburi, aliwauliza rafiki zake kama wana chakula, akala samaki mbele ya macho yao, yeye ambaye hakuwa na haja tena ya kula. Lakini kinywa changu kilikuwa na vidonda na kichwa changu kilikuwa chepesi, na nilichoweza kusema kilikuwa hiki tu:

"Sina njaa. Msidhani najizuia. Kwangu mimi bakuli hili na huu mkeka ni kitu kimoja."

Kisha Loisi akasema, bila kunitazama mimi, akimtazama mzee:

"Mzee, kufunga ni nini? Siyo kuulazimisha mwili utii, ufanye usichotaka? Basi, mwili wa huyu hautaki kula. Wenu ndio unaotaka."

Hapo hapo tumbo la mtu lilinguruma, kwa mngurumo mrefu na wa wazi, kama lori linalopanda mlima. Lilikuwa la Mzee Chilewa. Mtu akashindwa kujizuia, akacheka puani, mwingine akafuata, na mwisho mzee mwenyewe akacheka hadi mabega yakatikisika, akafuta macho kwa kiganja.

"Shahidi ametoka ndani kwangu," alisema. "Haya. Mwalimu, sisi tutafunga kwa kutokula. Wewe funga kwa kula. Anza."

Nikanawa. Nikamega tonge dogo, nikalichovya. Mlenda uliteleza juu ya vidonda, na ndiyo sababu mpishi aliyejua kazi yake aliuchagua. Hata hivyo nilipomeza macho yalinitoka machozi. Mama mmoja alisema, "Taratibu, Mwalimu." Nilimega jingine. Mtu akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, ule wa Kigogo ambao sauti moja inaanza na nyingine zinaingia chini yake kama watu wanaoingia nyumbani mmoja mmoja, na kila nilipomeza waliinua sauti kidogo. Watu wenye njaa waliimba wakinitazama nikila chakula ambacho wao walikitamani na mimi sikukitamani. Nilipofika katikati ya bakuli, mkono wa Loisi ukaingia upande wake. Hakuwa katika mfungo wao. Alimega, akala pamoja nami, mkono wake upande huu na wangu upande ule.

Hapo naomba unisikilize, wewe unayesubiri. Hakukuwa na raha yoyote katika mwili wangu. Kila tonge lilikuwa maumivu. Lakini nilikuwa na furaha, na haikuwa furaha ya kujifariji. Ilikuwa imara kama sakafu chini ya ule mkeka. Nikaelewa kwamba ule ukavu niliokuwa nimeuita ushindi haukuwa kitu cha Mungu hata kidogo; ulikuwa ugonjwa. Asiyetamani kitu hajaishinda dunia, ameondokewa nayo tu. Raha ni zawadi, na zawadi huweza kuondolewa. Mwenye hekima hajengi nyumba juu yake. Lakini furaha haikai mahali raha ilipofukuzwa, kama mpangaji anayesubiri chumba kiwe tupu. Hukaa kwa mwenye kutoa zawadi, na aliyeniletea bakuli alikuwa mtumishi wake, akiwa amekasirika na amevaa kanga yenye masizi.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Nilipopanda mizani kwa ajili ya dripu ya nne, muuguzi alitikisa kichwa. Zile siku mbili zilikuwa zimekula kile kidogo nilichokuwa nacho. "Rudi wiki ijayo," alisema. "Ukiwa hivi hivi, wiki ijayo hatutakuwa na la kufanya." Njiani niliushika uvimbe shingoni kila baada ya hatua chache, nikijaribu kujua kama umeanza kukua.

Kesho yake mchana Mzee Chilewa alibisha hodi. Habari ilikuwa imemfikia, na uso wake ulikuwa umesawijika. "Mama Yona, mimi ndiye niliyemwangusha kwenye mizani. Nimekuja kumwinua. Sinia liko wapi?" Alikuja kila siku ya wiki ile. Alikula kwa bidii ya mtu anayepalilia kabla mvua haijanyesha, akisifu kila tonge, akiramba vidole, akimtania Loisi kwamba angemjua mapema angemwoa yeye. Bi Zuhura alileta maziwa, akasimama mlangoni na mikono kiunoni hadi nione aibu na kuyamaliza. Mimi sikupata ladha ya chochote. Lakini nilimtazama yule mzee akifurahia chakula, na kwa namna ambayo sijui kuifafanua kwa usahihi ninaoutaka, utamu wake ulinifikia. Nilimega kwa sababu yeye alikuwa amemega. Ukiwa mgonjwa, usile peke yako. Tafuta mtu mwenye njaa uketi karibu naye.

Wiki ilipokwisha tulirudi hospitali. "Wa mwisho nani?" Mkono uliinuka, benchi likasogea, asubuhi ikapita. Niliitwa. Nilivua viatu, nikavua koti, kisha Loisi akanikumbusha kwamba koti lina uzito, nikataka kulivaa tena, muuguzi akanikemea kwamba hapa hatuibi mtihani. Nikapanda. Aliinama kuitazama mizani, akaitazama tena.

"Imepanda?" aliuliza Loisi.

"Kidogo sana, mama. Lakini inatosha."

Wakanilaza, wakatafuta mshipa mkononi, wakaukosa, wakautafuta mkono wa pili. Dawa ilianza kushuka, baridi, na ule uchungu wa chuma ukanipanda kooni kama ulivyozoea. Nilijua yatakayofuata: kichefuchefu cha giza, vidonda, majuma mengine ya kumeza kama mtu anayevunja mawe. Loisi alivuta kiti, akanishika vidole ambavyo havikumhisi.

"Unalia nini sasa, Baba Yona? Si umepata ulichotaka?"

"Nimefurahi," nilimwambia, na hapakuwa na kiungo hata kimoja mwilini mwangu kilichokubaliana nami.